Kahawa ya kihamba cha mzee inanitokea chungu: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Soweto, Moshi. Baba yangu ana kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) Kibosho, na kila msimu hunipa kilo chache za kahawa aliyoimenya, kuiosha na kuianika mwenyewe. Mwaka huu nimenunua frenchi presi, kile chombo cha kahawa chenye chujio la kusukuma chini, ili niinywe vizuri. Naikaanga kwenye sufuria mpaka iwe nyeusi na ianze kutoa mafuta, naisaga kwa blenda, naweka vijiko viwili, namimina maji yanayochemka. Inatoka chungu, na ikipoa inaacha ukakasi mdomoni. Dada yangu wa Usa River nilimgawia kahawa hiyohiyo, naye anasema kwake imepooza, haina chochote zaidi ya uchungu. Lakini mkahawani hapa mjini nimeona pakiti ya kahawa ya Kibosho imeandikwa "ndimu, sukari guru, chai ya rangi". Mimi sijasikia ndimu wala sukari guru. Tatizo ni ulimi wangu, ni kahawa ya baba, au ni vyombo? Na ninunue nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulimi wako ni mzima. Mtu anayetofautisha uchungu na ukakasi, tena akagundua kwamba ukakasi unajitokeza kahawa ikipoa, ana ulimi wa kufanyia kazi. Wengi huviita vyote viwili "kali" wakaishia hapo. Frenchi presi yako nayo inatosha. Kahawa ya mzee siwezi kuihukumu, kwa sababu wewe mwenyewe bado hujaionja. Ulichokuwa unaonja ni moto wa jiko na vumbi la blenda.

Punje mbichi ya kahawa ina sukari, asidi na protini. Ikikutana na moto, sukari na protini huungana na kuzaa mamia ya harufu ambazo hazikuwamo, huku asidi zikipungua kadiri moto unavyozidi. Ukiendelea mpaka punje ing'ae mafuta, asidi zinazofanana na za matunda zimekwisha na sukari imeungua. Kinachobaki ni ladha ya kuungua, na ladha hiyo ni ileile kwa kahawa ya Kibosho, ya Mbinga au ya Brazili. Mahindi yaliyochomwa mpaka yakawa mkaa hayakwambii tena kama yalitoka Kahe au Babati. Viwanda vinavyochanganya kahawa za nchi nyingi hukaanga sana kwa makusudi, ili pakiti ya Januari ifanane na ya Septemba. Biashara yao inataka hivyo. Wewe una kahawa ya kihamba kimoja, kwa hiyo unachotaka ni kinyume chake kabisa.

Na sidhani kama unajua kahawa yako ilivyo adimu. Kahawa iliingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Wakulima Wachagga wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Tangu enzi hizo utaratibu umekuwa wa kukusanya: ya baba yako na ya majirani zake hukutana kwenye chama cha msingi, hukobolewa kiwandani, huchambuliwa kwa ukubwa na uzito wa punje ziwe AA, A, B, PB na kuendelea, kisha huingia mnadani. Waonjaji huzionja hapahapa Moshi, kilomita chache kutoka kwenye migomba zilikokua. Mkulima analetewa bei, lakini hakuna anayemletea kikombe. Kuna wazee waliolima kahawa maisha yao yote ambao hawajawahi kuinywa ya kwao, wamezoea chai ya maziwa au ile ya unga inayoyeyuka. Jambo hili huniuma. Ndiyo maana swali lako nimelijibu kwa urefu.

Sasa tuingie jikoni.

Kama mzee anakupa kahawa ikiwa bado ndani ya ganda lake gumu la rangi ya maziwa, itwange kidogo kidogo kwenye kinu. Mchi udondoshwe tu, usiponde, maana unataka ganda liachie bila kuvunja punje. Pepeta kwa ungo, mwaga kwenye sinia jeupe karibu na dirisha, kisha chambua. Toa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, na zile zilizonyauka. Ukiona punje za duara, zisizo na ubapa upande mmoja, hizo ndizo PB: tunda lilibeba punje moja badala ya mbili. Zina umbo lao na huiva tofauti kidogo, kwa hiyo ukiwa na muda zitenge uzikaange peke yake. Kazi hii inachosha, lakini kikombe hukirekebisha kuliko chombo chochote cha dukani.

Pima gramu 200, zisizidi. Tumia karai zito badala ya sufuria nyembamba ya alumini, kwa sababu sufuria nyembamba huunguza ngozi ya punje wakati moyo wake bado mbichi. Jiko la mkaa linafaa, ila la gesi ni jepesi zaidi kwa anayeanza, maana moto unaushusha papo hapo. Fanyia kazi nje au barazani, moshi na makapi ni vingi. Pasha karai dakika mbili tatu, mimina kahawa, anza kukoroga kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, na mkono usipumzike hata kidogo.

Mwanzoni hutaona kitu. Dakika ya nne au ya tano kijani kinaanza kugeuka manjano na harufu ni ya nyasi kavu. Baadaye kidogo harufu hiyo inahama na kuwa ya mkate unaookwa, punje zinaingia rangi ya kahawia, na ngozi nyembamba zinaanza kuruka. Hapo watu wengi huongeza moto kwa haraka ya kumaliza. Usiongeze. Kati ya dakika ya nane na ya kumi utasikia pa! moja, kimya, pa! nyingine, halafu zinafuatana. Mvuke uliokuwa umefungiwa ndani unapasua punje, nayo inavimba na kuwa nyepesi. Punguza moto mara tu mlio wa kwanza unaposikika, na uanze kuhesabu. Dakika moja na nusu hadi mbili na nusu baada ya hapo, mlio ukielekea kukatika, epua. Punje ziwe za kahawia iliyokolea na kavu, zisiwe na mng'ao wa mafuta. Ukizidi kusubiri utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka haraka. Hapo ndipo ulipokuwa unafika kila siku, na pengine kupita.

Ukishaepua, mwaga kwenye ungo hapohapo na upepete mpaka punje zishikike kwa mkono. Karai lina moto mwingi, ukiziacha humo zitaendelea kuiva hata kama jiko limezimwa. Kisha pima tena. Gramu 200 za kahawa mbichi zikibaki kama 170, uko pazuri. Zikishuka hadi 160 au chini ya hapo, umezidisha. Mizani haina huruma ya macho, kwa hiyo iamini kuliko rangi, hasa kama unakaanga jioni chini ya taa.

Usishangae rangi ikitofautiana punje na punje, karai halilingani na mashine. Ila tazama zile zilizogoma kabisa kuiva, zimebaki za kahawia hafifu wakati wenzake wamekolea. Zichukue utafune moja: haina utamu, na inakausha ulimi. Hizo ni za matunda yaliyochumwa kabla ya kuiva, hayakuwa na sukari ya kutosha kuleta rangi. Ukiwa unakaanga mpaka nyeusi ulikuwa unazificha, huzioni, lakini zimo. Sehemu kubwa ya ukakasi unaoulalamikia nashuku inatoka hapo. Nitarudi kwenye hili tukifika kwa mzee.

Kahawa iliyokaangwa leo usiinywe leo. Ndani yake kuna gesi ya kaboni dayoksaidi nyingi inayozuia maji kupenya, na ladha huwa bado haijatulia. Iweke kwenye kopo safi mahali pasipo jua, kifuniko usikikaze sana siku ya kwanza, na uanze kuinywa siku ya tatu. Itakuwa katika ubora wake kwa wiki tatu hivi. Usiiweke kwenye friji pamoja na samaki na vitunguu, kahawa hunyonya harufu upesi.

Umeuliza ununue nini. Jibu langu ni mashine ya kusagia ya mkono yenye meno ya chuma au kauri, na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Basi. Blenda haisagi, inakatakata bila mpango: humo humo una vipande vikubwa na vumbi laini kama poda. Maji yakiingia, ladha za uchachu hutoka kwanza, utamu hufuata, na uchungu pamoja na ukakasi huja mwisho. Lile vumbi linafika mwisho ndani ya dakika moja wakati vipande vikubwa bado viko kwenye uchachu, nawe unakunywa vyote kwa pamoja. Mashine ya meno hutoa chenga zinazolingana, na hapo ndipo unapoweza kusema kahawa hii ni chungu au ni chachu, badala ya kusema ni vurugu.

Ikiwa pesa ya mashine haijapatikana, blenda ina namna yake. Washa na uzime kwa sekunde moja moja huku ukiitikisa, isage iishie kwenye chenga zinazolingana na chumvi ya mawe iliyopondwa, kisha ichekeche kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Vumbi linaloshuka liweke kando, dada yako au jirani anayependa kahawa nzito ya kuchemsha atalifurahia. Kilichobaki juu ndicho cha frenchi presi.

Maji sasa, na hapa naingiza na swali la Usa River. Vitabu vingi vinavyoandikwa ughaibuni husema uache maji yapoe kidogo baada ya kuchemka ili yasiunguze kahawa. Vinasema hivyo kwa sababu waandishi wake wako karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Moshi mjini maji huchemka kwa takribani nyuzi 97. Arusha mjini, kwenye mita kama 1,400, ni karibu nyuzi 95. Huko Kibosho kwa mzee hali ni hiyohiyo ya Arusha. Kahawa hupikwa vizuri kati ya nyuzi 90 na 96, na iliyokaangwa kwa wastani hupenda upande wa juu. Kwa hiyo epua birika, subiri nusu dakika ukiwa Moshi, na ukiwa Arusha mimina moja kwa moja. Anayesubiri dakika tano Arusha anapika kahawa kwa maji vuguvugu.

Tatizo la dada yako haliko kwenye joto, liko kwenye maji yenyewe. Maji ya visima na chemchemi nyingi za upande wa Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba bikaboneti kwa wingi pamoja na floridi. Floridi ndiyo inayofanya meno ya watoto wengi wa huko yawe na madoa, na kuchemsha hakuiondoi, tena inazidi kidogo kwa kuwa maji hupungua. Bikaboneti nayo kazi yake ni kuua asidi. Kahawa ambayo uhai wake wote uko kwenye uchachu mwororo ikipikwa kwa maji hayo inakufa, unabaki uchungu uliopooza, kama alivyokueleza. Afanye jaribio rahisi: apike kikombe kimoja kwa maji yake ya bomba na kingine kwa maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha bikaboneti kidogo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa yanaweza pia kuchanganywa nusu kwa nusu na ya bomba. Peke yake hayafai, hayana madini karibu yoyote na kahawa hutoka tupu.

Kupika kwenyewe ni kwepesi. Gramu 30 za kahawa kwa mililita 500 za maji. Vijiko viwili ulivyokuwa unatumia siwezi kuvisema kitu, maana kijiko cha kahawa iliyokaangwa sana ni chepesi kuliko cha kahawa ya wastani, ndiyo sababu nasisitiza mizani. Mimina maji yote kwa mara moja, hakikisha chenga zote zimelowa, acha dakika nne. Tabaka litakuwa limeelea juu: likoroge taratibu mara tatu, chenga zitazama, engua povu kwa kijiko. Kisha subiri dakika tano nyingine bila kugusa. Ndipo ushushe chujio, nalo lishuke hadi juu tu ya uso wa kahawa, usilikandamize mpaka chini. Ukilikandamiza unavuruga machicha yaliyokwishatulia na kurudisha vumbi kikombeni. Mimina polepole, na kile cha mwisho chini kabisa kiache humohumo.

Kama hupendi masimbi yanayobaki chini, tumia karatasi ya kuchujia au kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa bila sabuni. Karatasi hizi zina historia inayonipendeza: mwaka 1908, huko Dresden, mama mmoja wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoka na machicha, akatoboa chombo cha shaba kwa msumari na kutandika karatasi ya kufyonza wino kutoka kwenye daftari la mwanawe. Kwa mzee mwenye kolesteroli ya juu, karatasi ina faida nyingine, maana hunasa mafuta ya kahawa yanayoipandisha. Frenchi presi hupitisha mafuta hayo.

Haya yote ni maandalizi. Kuonja ndiko kwenyewe, na hapa ndipo nataka utumie muda wako.

Kikombe kimoja peke yake hakikufundishi chochote. Ukinywa kahawa ya Kibosho leo, na nyingine wiki ijayo, ulimi hautakumbuka. Ladha ya mahali huonekana vikombe vikikaa pamoja. Chukua bilauri tatu zinazolingana. Ya kwanza iwe kahawa ya mzee uliyoikaanga kwa njia mpya. Ya pili iwe kahawa hiyohiyo uliyoikaanga nyeusi kwa njia yako ya zamani. Ya tatu tafuta ya mahali pengine, ya Mbinga, Mbozi, Tarime au ya mteremko wa Meru, iliyokaangwa wastani. Weka gramu 10 za chenga katika kila bilauri, zisagwe sawasawa. Nusa zikiwa kavu. Mimina mililita 180 za maji ya moto kwa kila moja, na uanze kuhesabu.

Dakika ya nne inama mpaka pua ikaribie bilauri, sukuma tabaka la juu kwa mgongo wa kijiko mara tatu, na uvute harufu wakati uleule tabaka linapopasuka. Hakuna wakati ambao kahawa hujisema wazi kama huo, na unapita ndani ya sekunde chache. Suuza kijiko, nenda ya pili, kisha ya tatu. Engua kinachoelea. Subiri mpaka dakika ya kumi au kumi na mbili, kisha chota kijiko na uivute kwa nguvu na kwa kelele, isambae mdomoni mzima kama mvuke. Najua tulifundishwa kutokunywa kwa kelele mbele ya watu, lakini hapa kelele ndiyo inayopeleka harufu puani kwa njia ya nyuma ya koo, na sehemu kubwa ya tunachoita ladha ni harufu.

Rudia zikiwa moto, zikiwa vuguvugu, zikiwa baridi kabisa. Usiharakishe. Moto sana husikii zaidi ya uchungu na harufu ya kukaangwa. Ikiwa vuguvugu ndipo uchachu na utamu hujitokeza. Ikiwa baridi, kasoro zote hujitaja. Jiulize mambo machache kwa kila kikombe: uchachu upo, na ni wa kupendeza au wa kukunja uso? Kuna utamu unaofuata? Ni nzito mdomoni au nyepesi? Ukishameza, kinabaki nini, na kinakaa muda gani? Mwombe mtu azihamishe bilauri usizione, ukiwa umebandika alama chini yake, kisha uonje upya. Waonjaji wenye uzoefu hufanya hivyo pia, kwa kuwa jina la mahali hutia ladha kichwani kabla ya kufika mdomoni.

Kuhusu ile "ndimu" ya kwenye pakiti: hakuna aliyetia ndimu. Kahawa ina asidi ya sitriki, ileile iliyomo kwenye ndimu na chungwa, na ina asidi ya maliki iliyomo kwenye tufaha. Mwonjaji alisikia uchachu wa namna hiyo akauandika. Ili nawe uusikie, zoeza ulimi kwa vitu vya nyumbani. Tia matone ya ndimu kwenye bilauri ya maji, ukwaju kidogo kwenye nyingine, tone la siki kwenye ya tatu, na karibu nayo kijiko cha mtindi. Onja kwa zamu, macho yamefumbwa. Vyote ni vichachu, na havifanani hata kidogo: ndimu hupanda juu na kuondoka, ukwaju huvuta mashavu, siki hupanda puani, mtindi hutulia. Lamba kipande cha sukari guru, kisha asali, usikie utamu mmoja ulivyo mzito na mwingine ulivyo na maua. Fanya hivyo, halafu urudi kwenye kahawa.

Na usilazimike kusikia walichoandika wao. Kahawa ya Kilimanjaro kwa kawaida ina uchachu wa wastani, utamu wa kutosha na uzito wa kati; haina ukali wa kahawa nyingi za Kenya zinazosifiwa sana duniani. (Hata hiyo sifa ya Kenya ina mizizi kwetu: mti maarufu wa SL28 ulichaguliwa huko miaka ya 1930 kutoka kwenye mbegu zilizochukuliwa upande wa Monduli.) Ukisikia zabibu, njugu, chungwa au chai ya rangi, andika hivyo. Daftari lako lina haki sawa na pakiti yao.

Sukari na maziwa je? Onja kwanza tupu, kisha kunywa unavyopenda. Na kahawa ya kijiweni, ile ya kwenye dele na vikombe vidogo, na kashata pembeni, isikwepwe kwa sababu ya haya niliyoyasema. Ile hukaangwa nyeusi na kuchemshwa sana kwa kusudi lake, na uchungu wake umeandaliwa kukutana na utamu wa kashata. Ni kinywaji kingine, chenye mahali pake.

Sasa mzee. Ukishapata kikombe safi, usoni pake utaweza kusema maneno ambayo bwana shamba na mizani ya chama havimwambii. Ukakasi ukibaki hata baada ya kuchambua zile punje hafifu, basi uchumaji unachanganya mabichi na mekundu. Mwambie achume matunda mekundu tu, apite kila mti mara kadhaa katika msimu, ingawa najua ilivyo shida kupata vibarua wa kufanya hivyo. Ukisikia siki au harufu ya tunda lililooza, kahawa ilikaa muda mrefu kwenye gunia kabla ya kumenywa, au ilivundikwa (kuachwa ichachuke ili utelezi wake uachie) kupita kiasi. Inafaa imenywe siku ileile ya kuchumwa, na muda wa kuvundika uamuliwe kwa mkono, si kwa kalenda: akichota punje na kuzisugua, ule utelezi ukiwa umekwisha na punje zinakwaruzana, aoshe. Sehemu za juu zenye baridi hilo linaweza kuchukua zaidi ya siku moja, na tambarare likawahi.

Harufu ya udongo au ukungu hutoka kwenye kuanika chini au kuweka stoo kabla haijakauka. Kichanja cha wavu au mkeka kilichoinuliwa kutoka ardhini, kahawa isiwe nene, igeuzwe mara kwa mara na ifunikwe usiku na mvua inapotishia. Na kama utasikia moshi wa kuni, uliza tu ilihifadhiwa wapi. Nyumba nyingi za mlimani huweka kahawa darini juu ya jiko ili isishike unyevu. Nia ni njema, lakini kahawa inameza moshi wote wa msimu.

Mweleze kwa kumwonjesha, usimweleze kwa maneno. Mwekee bilauri mbili, iliyochambuliwa na isiyochambuliwa, umwache aamue mwenyewe. Mzee aliyelima miaka yote hiyo ataisikia tofauti kabla hujamaliza sentensi, na atakupa sababu usizozijua.

Kuna ombi moja la kumpelekea kwa msimu ujao. Kihamba kama chake huenda kina miti ya zamani, ya aina za N39 au KP423 zilizochaguliwa kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungu enzi za ukoloni, na pengine miche chotara iliyotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, kwa ajili ya kuhimili magonjwa ya chule buni na kutu ya majani. Watu hubishana sana ipi ina ladha bora, mara nyingi bila kuzionja pamoja. Akutengee kilo mbili za miti ya zamani na kilo mbili za miche mipya, zimenywe na kuanikwa kwa namna moja, zisichanganywe. Ziache ndani ya ganda gumu, ndilo linalozilinda, uziweke kwenye mfuko safi mahali pakavu na penye kivuli, mbali na mafuta ya taa na sabuni. Koboa tu kile unachotaka kukaanga wiki hiyo. Msalimie mzee.